Nauli ya Kutuma Radi

Bado sijakubali. Asubuhi hii nimemwandikia Akinyi "Umefika ofisi?" nikatuma, ndipo nikakumbuka jana tulimzika kwao Kendu Bay. Homa ya siku chache tu, jameni.

Kwa wale hamkumjua: Akinyi alikuwa mtu wa ramani za radi, na mimi nilikaa desk iliyopakana na yake, ofisi ya hali ya hewa huku Migori. Setilaiti zinapita juu zikinasa radi inavyomulika, naye alikusanya picha za miaka mingi na kukuonyesha ni wapi duniani radi hupiga sana.

Siku ya kwanza aliniita kwa nguvu, "Wewe Mkuria, kuja uone kwenu!" Kwenye ramani yake, palipopigwa sana ni pekundu, na Kongo ilikuwa nyekundu. Ziwa letu na kando yake, nyekundu pia. Nikasema wueh!

Alikuwa na mdomo, huyo. Ukikosea kusoma ramani yake, utachekwa mpaka Ijumaa.

Lakini acheni niringe naye kidogo.

Kuna wakati radi iliua ng'ombe za mtu huko karibu na Macalder. Watu wakasema imetumwa na Mama Rosa, jirani yake, mjane anayeishi peke yake. Vijana wakaapa kuchoma nyumba yake. Chifu akaita baraza.

Boss akatuambia kazi yetu ni data, mambo ya uchawi tuwaachie wenyewe. Akinyi akamjibu, "Sawa, boss. Basi napeleka data." Akakunja ramani, tukapanda boda.

Tulimkuta Mama Rosa mbele ya watu, na hakuna aliyekaa karibu naye. Akinyi alienda akakaa hapo hapo. Zamu yake ilipofika, akafungua ramani ya dunia nzima.

"Hii nyekundu yote ni radi. Kongo. Amerika. India. Zote anatuma huyu? Mama, una nauli ya kufika Kongo?"

"Nyathina, mtoto wangu, hata ya kufika Migori sina."

Baraza lote likaangua kicheko, hata mwenye ng'ombe. Hapo ndipo Akinyi akawaeleza kwamba ng'ombe zilikuwa zimejikinga chini ya mti, na radi hupenda kupiga kitu kirefu kama mti. "Ukisikia ngurumo, ingia nyumbani. Usingoje mvua." Nyumba ya Mama Rosa haijaguswa mpaka leo.

Sasa jana, tukiwa kaburini, ngurumo ikalia. Watu wakaanza kusogea chini ya mti. Mara sauti kutoka nyuma: "Tokeni hapo! Ingieni nyumbani! Msingoje mvua!"

Alikuwa Mama Rosa, ametoka kule kote kuja kumzika. Tulikimbia wote, pasta akiwa mbele.

Tukajaa sebuleni kwao Akinyi tukihema. Radi ikapiga nje, kubwa. Nikawaangalia watu nikingoja, na hakuna hata mmoja aliyeuliza imetumwa na nani.

Hiyo ni kazi yako, rafiki yangu, na ninajivunia wewe mpaka nalia.

Lala vizuri, nyar Kendu, binti wa Kendu. Sote tuliingia ndani.