Jicho la Yungiyungi

Wiki jana nilipita Nyamasaria, nikasimama kama mjinga mbele ya nyumba za kupangisha, pale palipokuwa na kidimbwi cha nyanya yangu, mama yake mama. Wewe uliyekulia karibu na ziwa utanielewa. Mayungiyungi yake ya buluu yalifunguka asubuhi, na ikifika saa kumi yalikuwa yameshafunga duka.

Nyanya aliolewa kutoka Port Victoria. Mama yake alipofariki, alirudi na kitu kimoja tu cha kwao: kiazi cha yungiyungi, amekifunga kwa leso mbichi. Hicho kimoja kilijaza kidimbwi. Miezi ya njaa alichimba viazi vichache, akavichemsha kwa chumvi, tukala na omena, wale dagaa wa ziwani. Vilikuwa na uchungu kidogo, nami nilivipenda kupita kiasi.

Nilipokuwa na miaka minane, nyanya alienda Kisumu mjini kuuza samaki. Nikataka arudi akute sufuria imejaa. Nilichimba kidimbwi kizima, tope hadi masikioni, nikapika hata vile vidogo. Sikujua kwamba kila akichimba, yeye hukata kichwa cha kiazi chenye jicho na kukirudisha topeni, kama watu wanavyofanya na nduma.

Alifunua sufuria, akakaa chini.

"Nyathina, mtoto wangu, umepika yote? Hii maua ni ya mama yangu."

Akalia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia.

Siku mbili tulipapasa tope kwa mikono. Siku ya tatu akainua kipande kidogo, kimeoza upande mmoja, jicho moja zima.

"Sasa hii itazaa mtoto?" nikauliza.

"Hapana. Itakuwa yeye mwenyewe tu, mpaka rangi."

Na kweli. Mvua za mwaka uliofuata, kidimbwi kilirudi buluu ileile. Mwalimu wa sayansi alipokuja kutufundisha mimea inayoongezeka bila mbegu, nilinyoosha mkono kabla hajamaliza sentensi.

Nyanya alipotuacha, tuliuza shamba. Lori la kwanza la udongo wa kufukia kidimbwi lilipofika nilikuwepo, mtu mzima, nimevaa viatu vipya. Maua yalikuwa wazi. Nikasema nitakuja kesho na gambuti, nichimbe kiazi kimoja. Malori yalimaliza kazi jioni ileile.