Pweza Aliyefungwa kwa Uzi

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, maji yakiwa yameshuka hadi kiunoni, shemeji yangu alinionyesha pango moja kwenye mwamba nje ya Kizingitini na kusema, "Hapa usitie pweza."

Yeye huzamia kamba mawe, wale kamba wakubwa wenye ndevu ndefu wanaojificha mapangoni. Humfunga pweza hai kwa uzi kwenye ncha ya ufito, akamsukuma pangoni. Kamba wakimwona hutoka mbio, naye huwadaka. Siku hiyo tulikuwa na pweza mmoja tu, na mashua ya kuazima hadi adhuhuri. Propela ya boti yake ilikuwa kwa fundi, na kamba wa mapango mawili ya mbele, aliowaona jana yake, ndio wangeikomboa.

"Kwa nini nisitie?"

"Pana mkunga," alisema, yaani yule samaki mrefu kama nyoka, mwenye meno makali. "Huoni hakuna ndevu za kamba mlangoni?"

"Pweza atamkaba. Nimesoma."

"Mkunga hajasoma kitabu chako, bwana."

Ubishi huu ulikuwa wa miezi. Katika daftari langu nilikuwa nimewapanga wawili hao kwa safu: meno, mwendo, ngozi, werevu. Pweza aliongoza. Basi shemeji alipokwenda mashuani kuchukua wavu, nilisukuma ufito ndani.

Pweza alimwaga wino, akamkumbatia mkunga kichwani na kuziba matundu yake ya kupumulia. Kwa kitambo niliona nimeshinda. Kisha mkunga akajifunga fundo kwa mwili wake mwenyewe, akalisogeza kutoka mkiani hadi kichwani, na mikono ya pweza ikabanduka. Akamng'ata, akajizungusha. Nilipovuta ufito, ulirudi na uzi na kipande cha mkono kinachojikunja.

Shemeji aliutazama. "Haya, msomi. Sasa ingia wewe ukawatishe kamba."

Tulitafuta pweza mwingine hadi maji yakajaa. Hatukupata.

Ukurasa ule wa daftari nimeuandika upya mara kadhaa. Pweza niliyemsoma alikuwa huru. Silaha yake ya kwanza ni kuondoka, na hiyo niliifunga mimi kwa uzi kabla pambano halijaanza. Bado sijui nani angeshinda kama pweza angekuwa huru. Shemeji hakuwahi kudai kwamba anajua; alijua tu kwamba pweza ni mmoja.

Kamba aliowaacha mapangoni aliwakadiria kilo tatu na nusu. Nilimlipa thamani yao, akaichukua propela yake: shilingi elfu nne na mia mbili.