Pasi ya Nyuma

Nilikuwa askari wa lango katika chuo kimoja huko Silicon Oasis, Uarabuni, nilipokutana na kocha Mmarekani. Mzee wa miaka sitini na ushei, goti bovu, mdomo haujui kupumzika. Kwao alifundisha futiboli yao, ile ya kofia ngumu na mabega ya plastiki, katika vyuo saba, na vyote saba vilimfukuza. Alinitajia kimoja kimoja pale langoni, akinywa chai ya karak, ile nzito ya maziwa na iliki, bila uchungu wowote.

Siku moja mpira wa timu aliyoifundisha pale chuoni ulivuka ukuta, nikaurudisha kwa mkono mmoja. Akaniuliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia shuleni, Kakamega, kwenye raga. Wiki ile ile akaongea na mkurugenzi wa michezo, na jioni baada ya zamu nikawa msaidizi wake. Nilimwita sir, akanikataza.

"Niite kocha. Na wewe ni kocha pia."

Siku hiyo nilirudi International City, kwenye chumba chetu cha watu sita, najiona mtu.

Msimu wa pili mkurugenzi alimwambia waziwazi: akishindwa mechi ya mwisho, mkataba hauongezwi. Bila mkataba hakuna visa, na kwao hakukuwa na chuo cha nane kinachomsubiri. Aliniambia hayo akijifunga bandeji gotini. "Nikitoka hapa nitakuwa mzee tu," alisema.

Sasa kosa langu. Katika mchezo wao, ukikamatwa unaanguka na mpira, filimbi inalia, na mpira unabaki wenu. Katika raga, ukikamatwa unautoa nyuma kwa mwenzako upesi. Hilo limeniingia damuni. Kocha alishanikanya nisiwafundishe wachezaji hivyo. Lakini kulikuwa na mchezaji mmoja mwenye mbio, nikamfundisha pembeni, kimyakimya. Kiburi tu. Nilitaka siku moja mtu aulize pasi ile imetoka wapi.

Mechi ya mwisho tuliongoza kwa pointi mbili, imebaki dakika moja. Kazi ilikuwa kushika mpira na kuanguka nao, khalas. Yule mwenye mbio akakamatwa, akautupa nyuma. Hapakuwa na mtu wetu. Wapinzani wakauokota, wakakimbia nao mpaka mwisho wa uwanja. Tukashindwa.

Mkurugenzi akashuka uwanjani, akauliza nani kamfundisha mtu ujinga ule. Mchezaji akatazama viatu vyake. Mimi nilifungua mdomo, nikalikumbuka lango na jua lake, nikajikausha.

"Mimi," kocha akasema, wala hakunitazama.

Unga wake ulimwagika palepale. Alipoondoka nilimbebea mabegi hadi kwenye teksi. Jambo lile hakuligusia. Alilalamikia goti, akanipa filimbi yake. Nilitaka kumwomba radhi, nikasema safari njema.

Nafasi yake nilipewa mimi. Lango sasa lina askari mwingine, ananiita sir, na sijamkataza. Kila msimu somo langu la kwanza ni moja: ukikamatwa, kumbatia mpira, anguka nao. Wachezaji wapya wote wameiona video ya mechi ile, na lazima mmoja aniulize nani alifundisha pasi ya namna ile. Naona aibu kila mara, na kila mara jibu langu ni lilelile.

"Kocha aliyepita," nawaambia.