Siku Mama Mkwe Aliposhukia Ghala la Korosho

Aibu nyingine mtu huizika, miaka ikaotesha nyasi juu yake, lakini yangu ilikuwa na magurudumu na watu wa Ruangwa waliiona mchana kweupe, kwa hiyo bora niisimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wanaoitia chumvi (ingawa, kusema kweli, haihitaji chumvi).

Gari lenyewe ni pikapu kuukuu niliyoachiwa na mjomba wangu, aliyeitumia kubebea korosho miaka yote ya tisini, na kwa ajili ya magunia alikuwa ameongeza majani ya springi nyuma, vile vyuma vinavyohimili mzigo, basi gari likiwa tupu lilibinua kiuno na kuinamisha pua kama mtu anayetafuta sindano mchangani. Fundi Selemani wa Nachingwea aliniambia kuna njia mbili: kuinua pua peke yake hadi ilingane na nyuma, gari likae sawa kama meza, au kuliinua lote, mbele na nyuma, na kulivalisha matairi makubwa. Akaniuliza nataka ipi, akaendelea kula muhogo wake, maana kwake zote zilikuwa kazi.

Mtu mwenye akili angesema sawazisha. Mimi nilikuwa kijana, nimeposa, na wiki ile nilikuwa nimeona gari la vijana wa Masasi likipita sokoni juu juu, vumbi likiishia magotini pake, moyo wangu ukapanda nalo. Nikajitetea kwa madimbwi ya njia ya Mandawa, nikasema inua lote. Lilipotoka gereji nililizunguka kama mtu anayezunguka nyumba yake mpya. Sakafu yake ilinifika karibu na kiuno, na jua la jioni lilipita chini ya tumbo lake kama maji chini ya daraja. Nikajiona nimekuwa mtu.

Sasa, kwetu binti haozwi na baba yake. Mwenye neno ni mjomba wake, na mjomba wa Zuhura, mchumba wangu, aliishi Ruangwa. Jibu la posa lilikuwa litolewe baada ya swala ya Ijumaa, na Bi Somoe, mama yake Zuhura, alitakiwa awepo. Basi la Ruponda, kijijini kwa Bi Somoe, likaharibika siku hiyo hiyo. Nikajitolea (hakuna aliyeniomba) kumpeleka yeye na Zuhura.

Bi Somoe alikuwa mfupi, mzito, amejifunga kanga mpya zinazobana. Akautazama mlango wa gari, akautazama tena. Mimi, mkwe mtarajiwa, siwezi kumshika mkono, siwezi hata kumwangalia akiinua mguu, kwa hiyo nikageuka nikaikodolea macho mikorosho, nikawa nasikia tu: Zuhura akisukuma, kanga ikilalamika, jirani akileta kigoda, kigoda kikizama mchangani, jirani mwingine akileta kinu akakipindua, na bibi mmoja akifoka kwamba kinu hakikanyagwi. Mwisho mtu akasema gari lisogezwe kwenye kichuguu kilicho nyuma ya choo. Nikalisogeza. Bi Somoe akapanda kichuguu, akaingia garini kama anaingia chumbani, Zuhura akakaa katikati ili magoti yangu yasikaribiane na ya mama yake, tukashika njia ya Ruangwa.

Nilichosahau ni kwamba anayepanda hushuka.

Uwanja wa mjomba wa Zuhura ulikuwa tambarare, umefagiwa, wazee wamekaa kwenye mkeka, na hapakuwa na kichuguu hata cha sisimizi. Bi Somoe akafungua mlango, akatazama chini, akaufunga.

"Zuhura, mwambie mwenye gari mimi siruki mbele ya kaka yangu kama chura."

Mjomba akasimama. Waliokuwa wakitoka msikitini wakasimama pia, kila mmoja na ushauri wake, na benchi lilipoletwa likavunjika mguu kabla hajalikanyaga (aliyekuwa akilijaribu alijikuta ameketi chini). Jasho likaniingia machoni. Niliiona posa yangu yote imening'inia pale, kati ya ule mlango na ardhi.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na ghala la korosho lenye jukwaa la saruji la kushushia magunia. Mbeba mizigo mmoja akapiga mluzi, akanipungia: nilete ubavu wa gari, nilete ubavu. Nikaleta. Jukwaa likalingana na sakafu ya gari, kwa mara ya kwanza urefu ule ukafaa kitu, na Bi Somoe akatoka akasimama katikati ya magunia, kando ya mizani, umati ukimtazama kutoka chini. Mpimaji, ambaye kazi yake ni kuzipanga korosho kwa madaraja, akashindwa kujizuia.

"Huyu mama daraja la kwanza au la pili?"

Bi Somoe akajitengeneza kanga. "La kwanza. La pili ni huyo aliyenileta."

Barabara nzima ilicheka, mjomba kuliko wote. Kisha akavuka, akaja dirishani kwangu, na sasa alikuwa hacheki.

"Kijana, jibu lipo," alisema, "lakini halipandi huko juu. Gari likishuka, mlete dada yangu tena, uje ulichukue."

Bi Somoe na Zuhura walirudi kwao kesho yake kwa basi. Mimi nilirudi Nachingwea peke yangu, nimekaa juu, naona mbali sana na sikipendi ninachokiona.

Fundi Selemani akatoa vyuma vyake vyote, akarudisha matairi ya zamani, akainua pua kidogo tu hadi ikalingana na nyuma. Likawa gari la kawaida, ambalo hakuna anayegeuka kulitazama. Nikalipeleka Ruponda, nikageukia mikorosho bila kuambiwa.

Tangu hapo nimeapa kutoinua gari tena, na nikiona gari la mtu yeyote huangalia kwanza kikanyagio cha mlango, kisha goti la mama aliye karibu. Lakini asubuhi ile ya kurudi Ruponda bado nilikuwa sijui jibu langu, nimeipa mikorosho uso wangu, nasikiliza. Mlango ukafunguka. Mguu ukakanyaga, kiti kikalia kidogo, na hakuna kanga iliyolalamika. Kisha nikamsikia akisema na binti yake, kama vile mimi sipo:

"Zuhura, mwambie mkwe wangu twende. Kaka anasubiri."