Nilishusha Bei ya Sikio la Baba

Nimekosa, na sina wa kumsingizia. Naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanitukana, ingawa hata ukinitukana katikati sitakulaumu.

Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na kitu. Nina duka la vifaa vya simu mjini Sumbawanga, nyumbani kwangu ni Milanzi. Kava, chaja, betri, vioo. Mzigo naufuata mwenyewe China, mara moja kwa mwaka, mwaka ukiwa mzuri mara mbili. Wenzangu ninaosafiri nao, wengi wao watu wa Mbeya, walinipa jina la Kisu, kwa sababu nikishika bei ya mtu naikata mpaka mfupa. Nililipenda jina hilo. Ee Mungu, nililipenda mno!

Baba yangu alikuwa mkulima wa Izia, kule pembeni kabisa nyumba zinakoishia na mashamba ya mahindi na ulezi yanakoanzia. Alikuwa pia katekista kwa miaka mingi. Watu wazima wengi wa mtaa ule walijifunza kwake sala kabla ya kipaimara. Mama alishatangulia, kwa hiyo alikuwa anaishi na dada yangu mdogo. Nitamwita Dorotea, si jina lake.

Masikio ya baba yaliondoka polepole. Kwanza redio ikawa inafunguliwa mpaka jirani naye anasikiliza taarifa ya habari bila kupenda. Kisha akaacha kwenda kusali jumuiya, akidai miguu inamsumbua. Haikuwa miguu. Alikuwa amechoka kucheka kwa sababu wenzake wanacheka, hajui kilichosemwa.

Tukampeleka Mbeya kupima. Daktari akatutolea karatasi yenye mstari unaoteremka. Akasema sikio la kulia bado linasaidika, ila kifaa lazima kirekebishwe kufuata karatasi ile ile. Nikamweleza baba, kwa kupaza sauti na kwa mikono, kwamba safari yangu ya China iko karibu na nitamletea. Akaikunja karatasi vizuri, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Dada yangu alikuwa anatuangalia. Alilia kwa furaha siku ile.

Guangzhou kuna kila kitu, hata masikio yanauzwa. Nilimpata mama mmoja wa makamo, ana duka dogo ghorofani, vifaa vimepangwa ndani ya kioo kama hereni. Tulizungumza kwa simu: mimi naandika Kiswahili, simu inageuza Kichina, yeye naye anajibu hivyo hivyo. Bei tunaandika kwenye kalkuleta, tunasukumiana.

Kitu cha kwanza alichoniuliza ni karatasi ya daktari.

Nilikuwa nayo. Ilikuwa ndani ya begi, imebanwa kwenye pasipoti. Lakini nilijua nikiitoa ataniletea kifaa kimoja tu, na mtu akishajua unataka kimoja tu, huna nguvu tena ya kumshushia bei. Nikamwandikia kwamba sina.

Akatoa kifaa kizuri, akaandika bei. Nikacheka, nikaifyeka zaidi ya nusu. Akatikisa kichwa, akakirudisha, akatoa kingine. Nikafyeka tena. Akatoa cha tatu. Naomba uelewe jambo hili: kila bei ilivyoshuka, na kifaa kilibadilika. Niliona. Sikuwa kipofu. Lakini nilikuwa nimeshaingia kwenye raha yangu ile, raha ya kumwona mtu anarudi nyuma hatua kwa hatua.

Mwisho akainama chini ya meza, akavuta boksi. Kabla hajanipa akaandika maneno marefu kwenye simu. Simu ikasema: "Hiki kinaongeza kelele tu. Kwa mzee mwenye ugonjwa wa masikio si kizuri. Ni mzazi wako?"

Nikamjibu hapana, ni cha jirani.

Ndugu yangu, nilimkana baba yangu mzazi kwa ajili ya bei! Na hata hicho cha boksi sikukiacha, nikakilalia bei mpaka yule mama akachoka, akanifungia huku haniangalii usoni. Jioni tukiwa tunakula na wenzangu niliwasimulia jinsi nilivyomkata, wakanipongeza.

Sikukosa uwezo. Siku hiyo hiyo nilinunua kava za kujaza maboksi.

Nilipofika Izia, majirani walikuwa wameshaambiwa, wamejaa uani. Nikamvalisha baba kifaa. Kikapiga filimbi, piii, kali kabisa, mpaka sisi tulisikia. Uso wa baba ukajikunja kama mtu aliyechomwa mwiba. Kisha akatabasamu.

"Baba, unanisikia?"

"Nakusikia, mwanangu. Nakusikia vizuri kabisa."

Akina mama wakapiga vigelegele. Mimi nikasimama mbele ya watu wote nikasema hiki ndicho alichoandika daktari, hiki hiki, cha gharama kubwa. Baba hakusikia uongo ule, lakini Dorotea aliusikia, na akauamini.

Sasa sikiliza kilichofuata, maana hapa ndipo dhambi yangu ilipozaa nyingine.

Kabla ya kifaa, mtaa mzima ulijua baba hasikii. Mtu akitaka kumsalimia, anazunguka mbele yake, anamgusa mkono, ndipo anasema shikamoo. Pikipiki zikimkuta njiani zinapunguza mwendo, zinapita pembeni. Dorotea hakumwacha aende popote peke yake. Kifaa kilipokuja, watu waliacha. Kwa nini wamzunguke mzee mwenye sikio la China? Dorotea naye alikuwa na shamba la ulezi la kuangalia, akaanza kumwacha aende jumuiya na kurudi mwenyewe.

Na baba akawa anaitikia kila kitu. Ukimsemesha, ndiyo. Ukimuuliza, ndiyo, asante. Alikuwa anatusoma midomo, na pale aliposhindwa alitabasamu.

Miezi michache baadaye Dorotea alinifuata dukani. Akasubiri wateja waondoke. Akaniambia baba hasikii, na kwamba kanisani anakizima kile kifaa kwa sababu kinapiga filimbi watu wanageuka. Alimwambia baba anirudishie nikiangalie, baba akamkatalia: kaka yako amekitoa mbali, usimvunje moyo.

Hapo nilikuwa na nafasi. Mungu alinipa nafasi, ikaja na miguu yake mpaka dukani kwangu. Ningesema ukweli, tungempeleka tena Mbeya, yangekwisha. Badala yake nikamkaripia dada yangu. Nikamwambia hajui kubadilisha betri, hajui kukiweka, kifaa ni kile kile cha daktari, asinichoshe. Akaniomba radhi. Yeye akaniomba radhi mimi.

Moyoni nilijiambia safari ijayo nitanunua cha kweli, nikibadilishe kimya kimya. Safari haikuwahi.

Ilikuwa wakati wa kuvuna ulezi, asubuhi, kuna upepo ule wa baridi unaokwaruza. Baba alikuwa anatoka jumuiya, koti limefungwa mpaka shingoni. Pikipiki ikaja nyuma yake. Dereva alipiga honi, akapiga tena, baba akakatiza njia.

Yule dereva hakukimbia. Ni mtu mzima, ana familia. Ndiye aliyemfikisha hospitali, nikamkuta amekaa kwenye benchi. Nilimvaa, nikamuuliza kama hakumwona mzee. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Nilimwona. Niliona ana kifaa sikioni, nikajua amenisikia."



Baba alivunjika nyonga. Wiki za hospitali zikaja na kichomi, akawa anapungua siku hadi siku. Mchana mmoja Dorotea alitoka kwenda kufua, tukabaki wawili. Nikainama kwenye sikio lake la kulia nikamweleza yote. Karatasi iliyokuwa kwenye begi. Yule mama na boksi lake. Jirani. Nikamwomba anisamehe.

Baba akanishika mkono, akatabasamu. "Ndiyo, mwanangu. Asante."

Ndugu, baba alikuwa katekista. Alisoma maisha yake yote. Kulikuwa na daftari na kalamu pale kwenye meza ya kitanda, Dorotea alikuwa anamwandikia. Ningeweza kuandika. Sikuandika kwa sababu maandishi yanabaki, Dorotea angerudi akayaona. Nilichagua kuungama kwenye sikio nililojua halisikii. Siku ya tatu baada ya hapo akafariki.

Kwenye matanga, shangazi yetu alisimama mbele ya ndugu wote akauliza ni nani aliyemwacha mzee atembee peke yake. Macho yote yakamwendea Dorotea. Akainamisha kichwa. Akasema, "Ni mimi, shangazi."

Mimi nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka pale. Nilinyamaza. Nilinyamaza kabisa!

Matanga yalipokwisha alifunga vitu vyake akateremka Muze, bondeni, akaanza kuuza mchele. Mwaka ukapita hajapanda kuja kwetu. Watu walisema dhamiri inamsuta.

Mwezi uliopita niliteremka. Nilimkuta anapepeta mchele kibarazani. Nikamwambia yote, safari hii mchana kweupe, na kwa sauti. Hakuacha kupepeta. Nilipomaliza akaniuliza jambo moja tu.

"Baba alijua?"

"Nilimwambia hospitalini. Ila hakunisikia."

Akaweka ungo chini. "Basi hukumwambia, kaka."

Akaingia ndani akafunga mlango, taratibu, bila kuubamiza. Nikasubiri mpaka jua likageuka. Hakutoka.

Jumapili iliyofuata nilimwita shangazi na ndugu wengine nikawaeleza kosa ni la nani. Shangazi hanisalimii tena, na ana haki. Dorotea nimempelekea salamu kwamba jina lake limesafishwa. Hajajibu. Simlazimishi.

Wewe unayekwenda kutafuta mali mbali, omba bei ya kava, omba bei ya viatu, ni biashara. Lakini ukitumwa kitu cha kumsaidia mtu aishi, toa karatasi uliyopewa na uiweke mezani. Na kama nyumbani una mzee anayekujibu ndiyo kwa kila neno, usifurahi upesi kama mimi. Kaa mbele yake, mtazame, umuulize jambo ambalo haliwezi kujibiwa kwa ndiyo. Ukiona ametabasamu tu, ujue anakuonea huruma.