Siku Tulipombeba Désiré Akiwa Hai

Enzi zetu filamu ya kutisha ilitengenezwa mchana kweupe, na anayetaka kucheka aje anicheke usoni. Bujumbura ya miaka ile ya vita ilikuwa na couvre-feu, jua likizama kila mtu awe kwake, kwa hiyo usiku wa filamu yetu tuliutengeneza wenyewe saa sita mchana ndani ya bohari tupu huko Quartier Industriel, madirisha tumeyaziba kwa magunia ya kahawa. Jasho lilitutiririka mpaka kwenye soksi. Muuaji wetu alivaa koti zito la baba yake na kujifanya anatetemeka kwa baridi, kumbe alikuwa karibu kuzirai. Leo wapwa zangu wana simu inayoona gizani na bado wananiambia hawana vifaa. Vifaa! Sisi tulikuwa na kamera moja ya kuazima, kanda moja, na kiburi cha kutosha mtaa mzima.

Nimezaliwa Buyenzi, mtaa wa mafundi. Udongo wa kwetu ulikuwa mweusi kwa mafuta ya injini, na gololi zetu zilikuwa vile vyuma vidogo vya ndani ya beringi. Asubuhi mlio wa nyundo ulitangulia hata jogoo, kisha ikaja harufu ya maandazi, kisha mama akaanza kuita majina yetu sote mpaka alipate lile analolitaka. Baba yangu, Mzee Ramadhani, alikuwa fundi wa gari, mtu wa maneno machache. Alikuwa na kanuni moja ambayo wanafunzi wake wa gereji waliisikia hata usingizini: "Ukifungua engine, uifunge weye mwenyewe." Na sisi wanawe tulilelewa kwa kanuni hiyo hiyo, iwe ni injini au ni ugomvi na watoto wa jirani.

Nilikuwa mwaka wa mwisho sekondari. Kila mwaka shule ilifanya sherehe ya kufunga, na kila darasa lilitoa kitu: hawa ngoma, wale kwaya, wengine mchezo wa kuigiza ambao tayari tulikuwa tumeuona mara tatu. Mimi nikasimama mbele ya darasa nikasema sisi tutatoa filamu. Tena ya kusisimua, yenye muuaji. Wavulana wakapiga meza kwa kucheka. Mmoja akauliza kama musichana wa Buyenzi atatoa filme ya kupika vitumbua. Basi hapo ndipo nilipofungwa. Neno lilikuwa limekwisha kutoka, mkuu wa shule akaliandika kwenye programu, na ningerudi mikono mitupu ningelisikia neno vitumbua mpaka siku ya ndoa yangu.

Kamera ilikuwa ya Masudi, mpiga video wa harusi, binamu wa mama. Alitukubalia siku ambazo hakuna harusi, kwa sharti kwamba aishike yeye mwenyewe. Tatizo la Masudi ni kwamba alijua harusi tu. Katika harusi za kwetu mgeni asipoonekana kwenye video, ugomvi unafika kwa wajukuu, kwa hiyo Masudi alikuwa na desturi ya kuipeleka kamera taratibu, uso kwa uso, hasahau hata bibi aliyelala kwenye kona. Nilimwambia, "Kaka Masudi, muonyeshe muuaji tu." Akanijibu, "Na awa wengine wataniambia nini?" Hata mateka aliyefungwa kwenye kiti alipewa muda wake wa kutabasamu.

Mhusika mkuu alikuwa Désiré, mwanafunzi mwenzetu kutoka Kanyosha, mtoto wa mkulima, Mkatoliki, kijana mtiifu kupita kiasi. Ukimwambia asipepese macho, hapepesi. Katika hadithi yetu yeye ni mfanya magendo anayetafutwa na maadui zake, anajifanya amekufa, na wenzake wanampitisha mbele ya maadui hao akiwa ndani ya jeneza la Kiislamu. Wazo hilo lilikuwa langu. Nililipenda kiasi kwamba sikulifikiria mara mbili, na hilo ndilo kosa langu, nalikubali.

Jeneza tulilitengeneza kwa ngazi ya gereji ya baba, mbao mbili juu yake, na pazia la kijani la mama. Saa nne asubuhi Désiré akalala, tukamfunika. Maagizo yalikuwa mepesi: wanafunzi wanne watambeba kutoka mlango wa ua wetu mpaka kona, hatua arobaini hivi, na yeye asijitikise mpaka anisikie nikisimamisha kamera kwa kusema "Coupez!" Masudi akawasha kamera. Wale wanne wakainua jeneza wakatoka, wakaanza kutembea pole pole kwa huzuni kubwa, kama walivyozoea kwao kusindikiza sanduku.

Wote wanne walikuwa Wakristo. Hakuna aliyewaambia kwamba kwetu maiti hupelekwa haraka, na kwamba mtu akiona jeneza linapita haulizi, anaacha alichonacho anatia bega, kwa sababu kila hatua ina thawabu yake. Hawakufika hatua kumi. Fundi wa kwanza akatoka chini ya gari, mikono imejaa grisi, akatazama, akasema kwa sauti ya uchungu kabisa, "Awa watoto awajue kubeba!" Akashika mguu mmoja wa ngazi. Akaja wa pili. Fundi cherehani akaiacha nguo ya mtu chini ya sindano. Muuza matairi akaliacha tairi, likaendelea na safari yake peke yake. Kabla sijameza mate jeneza lilikuwa juu ya mabega ya Buyenzi, linakwenda mbio kuelekea msikitini, na wanafunzi wangu wanne wamesimama nyuma wakitazama viganja vyao.

Nikapiga kelele: "Coupez! Coupez!" Nikakimbia. Na hapo likaja la pili, maana kwetu mwanamke hafuati jeneza. Akina mama walionisikia napiga kelele nyuma ya maiti waliona binti aliyefiwa na kuchanganyikiwa. Wakanikamata watatu, wakaniingiza uani, nikafunikwa kanga, nikanyweshwa maji kwa nguvu.

"Lia, mama, lia tu."

"Mama, ni filme!"

"Ndiyo, mwanangu. Dunia yote ni filme."

Yaliyofuata niliyaona baadaye kwenye kanda, kwa sababu Masudi hakuzima kamera. Mikono yake ilikataa. Alikimbia pembeni mwa jeneza akifanya alichojua kufanya, uso kwa uso, hakumruka mtu. Mbele kabisa, bega la kulia, alikuwa Mzee Haruna, fundi seremala, mtu mzima anayeheshimiwa mtaani, miguu yake mibovu, na bado alikataa kupokezwa. Wakafika kwenye ua wa msikiti, wakaliweka chini. Imamu akauliza wenye maiti wako wapi. Akauliza jina la marehemu. Watu wakatazamana. Wametoka mtaa hadi mtaa, zaidi ya watu thelathini wamepokezana, na hakuna hata mmoja aliyejua amembeba nani. Ndipo Mzee Haruna akasema, bado anahema, "Ni mutu. Tumuswalie kwanza, mengine tutauliza kisha."

Désiré, mtiifu wangu, alikuwa bado anasubiri neno langu. Lakini aliposikia wanapanga safu akaona hapana, dhambi hii ni kubwa kuliko filamu. Akaketi. Pazia likamwanguka mapajani. Akasema kwa adabu zote za kwao, "Wazee, munisamehe, naitwa Désiré. Niko muzima. Tena mi ni Mukatolika."

Ukiona kanda hiyo utacheka, siwezi kukukataza. Ua ulibaki na viatu tu. Fundi cherehani alipanda ukuta ambao hata paka hupanda kwa kufikiri. Lakini Mzee Haruna hakukimbia. Alivua kofia, akaketi chini mchangani, akajifuta macho. Alikuwa amelia kweli, njia nzima. Kila nikifika hapo kicheko changu hukauka.

Kesho yake baada ya alasiri nikaitwa na baba mbele ya wazee. Nilijifunga ushungi mpaka kwenye nyusi. Mzee Haruna hakupandisha sauti. Alisema, "Mi nililia mutu sijue. Kumbe nililia muchezo wa watoto. Kaseti iletwe apa, ipasuliwe." Wazee wakaitikia. Masudi alikuwa nyuma yangu, kanda ameificha kwapani, na nilihisi anataka kuitoa yaishe. Sherehe ya shule ilikuwa wiki ile ile. Kanda ikipasuliwa, filamu yote imekwenda, hatukuwa na nakala. Na nitasema ukweli, nilipoingia pale nilikuwa nahofia vitumbua tu. Lakini usiku uliotangulia nilikuwa nimeitazama ile kanda mara tatu, na hofu yangu ikabadilika.

Nilipiga magoti. Nikasema, "Mzee, naomba musamaha. Niliwadanganya, nilikuliza bure, iyo ni kosa yangu, si ya Désiré. Lakini kaseti siitoi." Mtu akasema astaghafirullah. Nikaendelea kabla sijaishiwa nguvu. "Mu muji uyu leo, mutu akianguka barabarani wanauliza kwanza ni wa wapi, ni mutoto wa nani, ni wa upande gani, ndio wamuguse. Nyinyi mulimubeba. Amukuuliza kitu. Nikipasua iyi, kesho nani ataamini mulikuwa watu wa namna iyi? Ata nyinyi wenyewe mutasahau."

Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa nimemkatalia mzee mbele ya watu, jambo ambalo mpaka leo sijamfundisha mtoto wangu yeyote. Wakamgeukia baba. Baba aliutazama mchanga, akasema, "Amefungua engine. Aifunge yeye mwenyewe." Akanishika mkono tukatoka. Msidhani alinipongeza. Nyumbani alinishushia maneno ya mwaka mzima kwa pumzi moja, na mwezi ule chai yangu niliinywa jikoni. Mzee Haruna yeye hakuniitikia salamu tena. Si mwezi, miaka. Nilikuwa namsalimia kila siku kusudi, na kila siku anapita. Iliniuma, na nisingeibadilisha.

Filamu ilionyeshwa. Mahali pa kuogopa watu walicheka, hasa mateka alipotabasamu. Ile ya jeneza tuliiacha nzima, dakika kumi na moja bila kukata, na ukumbi uliokuwa na kelele kama soko ukatulia. Wanafunzi wa mitaa ambayo wakati ule haikuwa inatembeleana walikaa wakiwatazama watu wa Buyenzi wakikimbia na mtu wasiyemjua. Hakuna aliyetaja vitumbua.

Sasa mpwa wangu anasomea mambo ya video. Anajua kila kitu. Ameniambia, "Tantine, ukate iyo sehemu, iko ndefu sana. Watu wa leo wanangalia sekunde kumi wanapita." Nikamwambia wapite, njia ni pana. Watoto hawa wanarekodi chakula kabla ya kula, wanarekodi mvua badala ya kuingia ndani, wanarudia tabasamu moja mara ishirini kisha wanalifuta. Sisi kanda ilikuwa moja, ulichokosea kilibaki, ukaishi nacho. Wanasema tulikuwa washamba. Sawa. Mshamba aliyeacha tairi lake likatokomea barabarani ili abebe maiti wa watu, mimi simbadilishi na mjanja yeyote.

Mwaka jana Mzee Haruna alifariki. Nilisimama mlangoni kwetu, pamoja na akina mama, jeneza likipita. Vijana walikuwa wengi kuliko siku ile, maashallah. Nusu yao walikuwa wamenyanyua simu, na waliotia bega, mkono mmoja ulikuwa wa jeneza na mwingine ulikuwa wa kupiga picha. Sikuvumilia. Nilipiga kelele mpaka shemeji yangu akanivuta kanga: "Simu mufukoni! Amumubebi na macho!" Wengine walinikasirikia. Watatu wanne waliziweka. Mtu wa makamo mwenye shati la Jumapili akapenya katikati yao akachukua bega la kulia, akaenda naye mbio inavyotakiwa, haombi kupokezwa. Alikuwa Désiré, ametoka Kanyosha alfajiri.

Baada ya siku za msiba watoto wa marehemu walinijia, wanaona haya. Hawakuwa na picha ya baba yao akiwa na nguvu, hata moja. Mtu aliwaambia kwamba ninayo. Niliwakalisha, nikawawekea, sikukata kitu. Walimwona anakimbia kwa miguu yake mibovu, jasho na machozi, mdomo unasoma dua. Yule binti mdogo, aliyezaliwa baada ya mambo hayo yote, akajifuta uso akaniuliza, "Tantine, baba alikuwa anabeba nani?"

Nikamwambia hakujua, na hakuuliza.