Mkanda wa Mkwe na Dawa ya Wembe

Andika kama ninavyosema, mjukuu wangu, wala usinipambie.

Wembe wa kukunja haunolewi kwa jiwe peke yake. Baada ya kinoo hupitishwa juu ya ukanda wa ngozi uliopakwa dawa ya kijani, ile inayokwangua chuma kidogo kidogo. Mgongo hutangulia, makali hufuata. Joto la Garsen huikausha dawa hiyo ikawa kama chokaa, basi mimi huilainisha kwa samli ya ng'ombe. Hakuna aliyelalamika mpaka siku ile.

Bwana harusi alikuwa kitini, shavu moja limekwisha, wembe ukaanza kukwama katika ndevu. Nikageukia ukanda wangu mlangoni. Niliona ncha yake tu, ikizama kinywani mwa mtamba wa mahari aliyefungwa nje.

Baba wa bibi harusi, mfugaji mkali, akaingia na fimbo yake.

"Kinyozi, mtamba wangu umemlisha nini?"

"Amejilisha mwenyewe, mzee. Ukanda."

"Basi mmalize huyu upesi. Imamu anapita tu, anasubiriwa kijijini Wema. Nami simwozi binti yangu mtu wa nusu uso."

Vijana waliomsindikiza bwana harusi wakaniletea wembe wa plastiki. Nikawaamuru waurudishe mfukoni. Sianzi uso kwa chuma nikaumaliza kwa kichezeo. Humo kibandani ngozi ilikuwa moja tu: mkanda mpana uliokishikilia kikoi cha mzee.

"Uvue, mzee."

"Mbele ya mkwe wangu?"

"Mkwe atafumba macho."

Bwana harusi akafumba. Mzee akaung'ata mkanda ncha moja, kwani mkono wa kushoto ulishika kikoi na wa kulia ulishika fimbo, ambayo alikataa katakata kuiweka chini. Nikashika ncha ya pili, nikapaka dawa, nikapitisha wembe. Kila nilipovuta, kichwa chake kilinifuata.

"Polepole! Hukamui!" alinguruma kwa meno yaliyoumana.

Imamu akasimama mlangoni.

"Hii ni ndoa, au mnafunga punda?"

"Ndoa, sheikh. Limebaki shavu moja."

Nikalinyoa likawa laini. Mkanda ulikuwa umelowa samli, haufungiki, na imamu hakuwa na muda wa kungoja. Mzee akanikabidhi fimbo, akampa mkwewe mkono wa kulia, akatamka maneno ya kuoza bila kutetereka. Kikoi kilitetereka, lakini mkono wa kushoto haukukiachia, na ndoa ikatimia.